Kisakinishi Kikishapita Juu ya Patisheni

Mabibi na mabwana, mafundi, wanafunzi, nanyi mliokuja na diski mfukoni mkitumaini kusikia lolote la faraja, karibuni.

Swali ambalo fundi wa kompyuta haishi kuulizwa ni hili: "Nimeweka mfumo upya, D imetoweka, je, data zangu zipo au hazipo?" Likiulizwa hivyo halijibiki. Linalojibika ni jingine: kisakinishi, yaani programu inayoweka mfumo, kimeandika nini, na kimeandika juu ya nini? Sekta, yaani kipande kidogo kabisa cha diski, ambayo haikuguswa bado imeshika ilichokuwa nacho jana. Iliyoandikwa upya imeshika kipya tu. Basi leo tuufuate mkono wa kisakinishi, tuone ulipopita na ulipopaacha, kisha tuseme la kufanya. Mifano nitaichukua Windows na Linux.

Tuanze na skrini yenyewe, maana ajali huanzia hapo. Herufi C na D mnazozizoea hugawiwa na Windows inayofanya kazi na kutunzwa ndani yake. Kisakinishi kilichowashwa kwa flashi hakizijui. Kinakuonyesha diski namba 0, patisheni (yaani kipande cha diski) ya 3, ukubwa wake na nafasi iliyobaki, basi. Kama hukuipa patisheni jina, umebaki kuitambua kwa ukubwa, nao ukubwa unachanganya: diski iliyoandikwa GB 500 kwenye lebo inaonekana 465, na ya TB 1 inaonekana 931, kwa sababu kiwanda kinahesabu kwa elfu na Windows inahesabu kwa 1,024. Mwenye diski mbili za GB 500 ataona 465 mara mbili. Upande wa Linux, majina kama sda na sdb hugawiwa kwa mfuatano ambao diski zimeitika kompyuta ilipowaka. Leo sda ni diski ya ndani, kesho ni flashi.

Mtego mbaya zaidi uko kwenye kompyuta mpakato ambazo BIOS yake (programu ya kuwashia kompyuta) imewekwa katika hali ya RAID au VMD ya Intel, ambapo diski hupitia kidhibiti maalumu. Kisakinishi kisicho na draiva, yaani programu ya kuzungumza na kidhibiti hicho, hakiioni diski ya ndani kabisa. Orodha inakuja na diski moja tu, na mtu anaibofya kwa kuwa hana nyingine ya kuchagua. Diski hiyo moja ni ile ya nje aliyoichomeka ili ahifadhi nakala.

Halafu kuna chaguo la kufuta diski yote na kuweka mfumo. Linamaanisha yote. Diski ni kifaa kizima, C na D ni vipande vya kifaa hicho, na anayedhani D itasalimika kwa kuwa mfumo unakwenda C amechanganya mambo mawili. Programu za kurudisha kompyuta katika hali ya kiwandani nyingine hufanya vilevile: hupanga diski upya kama ilivyotoka kiwandani, na kiwandani hapakuwa na D yako. Kwa wanaopanga patisheni kwa mkono kwenye Linux, kosa huwa dogo kwa macho: kisanduku cha kufomati kimewekewa alama kwenye mstari wa /home, zinakokaa faili za mtumiaji, badala ya kwenye mstari wa mzizi, unakokaa mfumo, peke yake.

Jambo moja la wakati, kisha tuendelee. Kisakinishi cha Windows kinatekeleza papo hapo. Ukibofya kufuta patisheni na ukakubali onyo, jedwali la patisheni, yaani orodha ya mipaka yake, limeshaandikwa upya hata kama hujabofya kuendelea. Visakinishi vya Debian na Ubuntu hukusanya mabadiliko yako na kuyaandika baada ya skrini ya mwisho ya uthibitisho. Kwa hiyo kwenye Ubuntu ukishtuka kabla ya kuthibitisha, zima tu, hakuna kilichotokea. Kwenye Windows kimeshatokea.

Sasa mkono wenyewe. Unapita mara nne.

Mara ya kwanza unaandika jedwali la patisheni. Kwenye mpangilio wa zamani, MBR, jedwali lote limo ndani ya sekta moja ya baiti 512: baiti 446 za mwanzo ni msimbo wa kuwashia, 64 zinazofuata ni nafasi nne za patisheni za baiti 16 kila moja, na mbili za mwisho ni alama 55 AA. Kwenye mpangilio wa sasa, GPT, kichwa cha jedwali kiko sekta ya 1, orodha ya patisheni 128 inaanzia sekta ya 2 hadi ya 33, na nakala ya vyote hivyo imewekwa mwisho kabisa wa diski. Angalieni udogo wake. Kilobaiti chache zikibadilishwa, patisheni ya GB 800 "inatoweka", na ndani yake hakuna hata baiti moja iliyoguswa. Aliyesimama hapa ana bahati, na kazi yake ni ya dakika chache. Amri ya `clean` ndani ya diskpart, zana ya Windows ya kupanga diski, nayo inaishia hapa: inafuta habari za jedwali. Dada yake `clean all` inaandika sifuri kwenye kila sekta ya diski, na huyo hana rufaa.

Mara ya pili unafomati. Hapa ndipo watu hukata tamaa kabla ya wakati, au hujipa matumaini yasiyokuwepo. Kufomati kwa haraka, ambako ndiko visakinishi hufanya, ni kama kumpa mtunza ghala daftari jipya jeupe. Magunia yako palepale, lakini daftari linasema ghala ni tupu, na atakayeleta mzigo mpya ataambiwa auweke popote, juu ya magunia hayohayo. Kufomati kikamilifu kwenye Windows, tangu Vista, ni jambo jingine: kunaandika sifuri patisheni nzima.

Daftari la NTFS, mfumo wa faili wa Windows, linaitwa MFT. Kila faili ina rekodi yake ya baiti 1,024 inayoanza na herufi FILE, na ndani yake mna jina, tarehe, folda mama, na orodha ya klasta, yaani mafungu ya sekta, faili ilipo. Kwenye patisheni kubwa iliyofomatiwa na Windows kwa klasta za kilobaiti 4, kwa kawaida MFT huanzia klasta ya 786,432, yaani GB 3 kutoka mwanzo wa patisheni. Ukifomati tena patisheni ileile, daftari jipya linaanzia palepale. Kufomati peke yake kunaandika rekodi chache tu za mwanzo. Maelfu yaliyo nyuma yake bado yapo na yanasomeka kwa programu inayojua kuyatafuta.

Kisha inaanza mara ya tatu, kunakili mfumo. Windows inaleta faili zaidi ya laki moja, na kila moja inadai rekodi yake. Laki moja mara kilobaiti 1 ni takriban MB 100 za daftari la zamani zinazoandikwa upya, kuanzia namba za chini kwenda juu. Swali la maana ni nani alikuwa anakaa kwenye namba za chini. Kama patisheni ilikuwa C ya zamani, mara nyingi ni faili za Windows ya zamani yenyewe, kwa kuwa ndiyo iliyotangulia kuingia. Nyaraka na picha za mwenye kompyuta zilikuja baadaye, zikapewa namba za juu, na mara nyingi zimenusurika na majina yake. Lakini kama mfumo umewekwa kimakosa kwenye D, ambako hakukuwa na mfumo kabla, namba za chini ni za nyaraka zake mwenyewe. Ajali zinazofanana kwa nje, gigabaiti zilezile zimeandikwa, na matokeo ni mbalimbali kabisa. Ndiyo maana fundi mzuri anauliza kwanza: mfumo umeingia kwenye patisheni gani, na palikuwa na nini hapo?

Kwa ext4, mfumo wa faili wa Linux, habari ni nyingine. Patisheni imegawanywa vikundi vya MB 128, na kila kikundi kina kipande chake cha jedwali la inode, yaani rekodi za faili. Kwa mpangilio wa kawaida kuna inode moja ya baiti 256 kwa kila kilobaiti 16 za nafasi, kwa hiyo majedwali haya yanachukua sehemu moja ya 64 ya patisheni, zaidi ya GB 15 kwenye diski ya TB 1. Kuyasafisha yote wakati wa kufomati kungechukua muda, basi kazi hiyo inaachiwa kernel, kiini cha Linux: patisheni ikishapachikwa, yaani ikifunguliwa itumike, uzi unaoitwa ext4lazyinit unaandika sifuri juu ya majedwali hayo kimyakimya, huku mtumiaji akivinjari na kujiuliza afanye nini. Kama ext4 mpya imeandikwa juu ya ext4 ya zamani kwa mipaka ileile, kila dakika kompyuta inapowaka inakula majina na ramani za faili za zamani. Wapo wanaokimbilia nakala za superblock, bloku yenye maelezo makuu ya mfumo wa faili, zile za bloku 32768, 98304 na 163840, wakaendesha `e2fsck -b 32768`. Nakala hizo nazo zimeandikwa upya na ile fomati mpya, mahali palepale. Unachokarabati hapo ni mfumo mpya.

FAT32 na exFAT, mifumo ya faili ya flashi na kadi, nitazipitia kwa sentensi moja: jedwali linalounganisha vipande vya kila faili linafutwa, faili zilizokaa kipande kimoja zinaokoka, zilizotawanyika haziokoki kwa urahisi.

Data zenyewe je? Windows 11 mpya inaandika kiasi cha GB 20 hadi 30. Kwenye diski ya TB 1 iliyokuwa na GB 600 za faili, hesabu inasema sehemu kubwa ipo. Hesabu hiyo ni ya kweli kwa diski ya sahani zinazozunguka (HDD), saa ya kwanza. Mara ya nne ya mkono ndiyo inayoiharibu: maisha ya kawaida ya mfumo mpya. Masasisho yanashushwa, faili ya kumbukumbu pepe inaandikwa, faharasa inajengwa, kivinjari kinajaza akiba yake, na mwenye kompyuta, ili kuokoa data, anashusha programu tano za uokoaji na kuzisakinisha kwenye diski hiyohiyo. Kilichoandikwa juu yake hata mara moja kwenye diski za leo kimekwenda. Msidanganyike na hadithi ya kusoma kivuli cha data ya zamani chini ya mpya. Mara 35 za kuandika alizoeleza Peter Gutmann mwaka 1996 zililenga teknolojia za usimbaji za diski za zama zile, na hakuna programu ya dukani inayosoma chini ya sekta iliyoandikwa upya.

Nilisema diski ya sahani. Kwa SSD, diski ya chembe za kumbukumbu isiyo na sahani, wengi wenu hamtapenda nitakachosema. SSD ina amri ya TRIM, ambayo mfumo unaitumia kuiambia: klasta hizi sizihitaji tena. Windows inapofomati kwa haraka patisheni iliyo kwenye SSD, inatuma TRIM kwa patisheni nzima. Programu ya mke2fs, inayofomati ext4, inafanya hivyohivyo pasipo kuombwa, na ukiiendesha kwenye terminali utaona ujumbe wake wa kutupa bloku za kifaa. Inachukua sekunde. Baada ya hapo, SSD nyingi zikiulizwa sekta hizo zinajibu sifuri, hata kama chembe za kumbukumbu hazijasafishwa bado, na kidhibiti kinaendelea kuzisafisha chenyewe alimradi kina umeme. Kuing'oa SSD na kuichomeka kwingine "ili ipumzike" hakusaidii, maana umeme ndio chakula chake.

Mtu asikuuzie matumaini kabla ya kupima. Kipimo ni rahisi na hakiandiki chochote. Washa kompyuta kwa flashi ya Linux, kisha:

`dd if=/dev/nvme0n1 bs=1M skip=50000 count=16 | hexdump -C | head`

Amri hii (weka jina la diski yako palipo na nvme0n1) inasoma MB 16 kutoka umbali wa karibu GB 50 ndani ya diski. Badilisha namba ya skip ujaribu sehemu kumi na mbili hivi za ile patisheni iliyopotea, hasa zile zilizo mbali na mfumo mpya. Ukiona mistari ya namba na herufi zilizochanganyika, pana kitu. Ukiona mstari mmoja wa sifuri, nyota chini yake, na mwisho wa orodha, na ikawa hivyo kila unapopima, TRIM imepita, na pesa za programu ya uokoaji bora zikanunue diski ya nakala.

SSD ina milango michache ya kupumulia. Kufuta patisheni kwenye jedwali bila kufomati, kwa zana za Linux kama fdisk, kwa kawaida hakutumi TRIM, ingawa Windows inaweza kuituma. Makasha mengi ya USB, hasa ya zamani, hayapitishi TRIM, kwa hiyo SSD ya nje iliyofomatiwa kimakosa mara nyingi hutendewa kama diski ya sahani. Lakini Ubuntu huendesha fstrim, programu inayotuma TRIM, mara moja kwa wiki kwenye nafasi tupu ya patisheni zilizopachikwa. Anayengoja "wikiendi nitaishughulikia" huku kompyuta ikitumika huenda akakuta imeshughulikiwa.

Patisheni zilizosimbwa kwa siri zina sheria yake. LUKS2, usimbaji wa Linux, inaweka kichwa chake mwanzo wa patisheni, kwa kawaida MB 16, na humo ndimo funguo zilimo. Fomati ikipita hapo, neno lako la siri halina tena cha kufungua, hata sekta nyingine zote zikiwa nzima. Bila nakala ya kichwa, hakuna fundi wala maabara. BitLocker, usimbaji wa Windows, ina ustahimilivu zaidi: taarifa zake zimo katika nakala tatu sehemu mbalimbali za patisheni, na ikibaki moja, zana ya `repair-bde` pamoja na ufunguo wa uokoaji wa tarakimu 48 inaweza kuzitoa data kwenye diski nyingine. Ufunguo unaohitajika ni wa patisheni ya zamani. Ule uliotengenezwa na mfumo mpya haufungui kitu cha jana.

Tuje kwenye kazi. Umeshtuka, skrini inaonyesha asilimia 40. Shikilia kitufe cha umeme mpaka kompyuta ife. Usizime kwa taratibu, usiwashe upya, usingoje imalize "ili isiharibike". Kuzima kwa taratibu ni kuandika zaidi, na mfumo unaosakinishwa hauna thamani, utawekwa upya siku nyingine.

Isipokuwa jambo moja, na liangalie kwanza: kama Windows imewekwa juu ya patisheni ya zamani bila kufomatiwa, mzizi wa C una folda ya Windows.old, na ndani ya Users yake mna kila kitu. Nakili nje mapema, kwa sababu Windows huifuta yenyewe, baada ya siku 10 kama ilikuwa ni kupandisha toleo.

Kwa waliobaki, unahitaji diski ya kupokea nakala, iliyo kubwa kuliko ile iliyoharibika, diski nyingine ya kuweka faili zitakazookolewa, na flashi yenye Linux ya kuwashia, kama SystemRescue. Ukiwasha, usibofye ikoni ya diski yoyote, kwani kubofya ni kupachika. Tazama kwa `swapon --show` kwamba mfumo wa flashi haujaazima patisheni ya swap (ya kumbukumbu pepe) kutoka diski ya mgonjwa. Kisha itambue diski kwa modeli na namba ya ufuatiliaji, wala si kwa sda au sdb:

`lsblk -o NAME,SIZE,MODEL,SERIAL,FSTYPE,LABEL,MOUNTPOINT`

Tuseme ni sdb. Ifunge isiandikwe kwa `blockdev --setro /dev/sdb`, kisha ichukulie nakala ya sekta kwa sekta:

`ddrescue -d /dev/sdb /mnt/okoa/diski.img /mnt/okoa/diski.map`

Chanzo kinatangulia, pokezi linafuata, ramani mwisho. Someni mstari huo kwa sauti kabla ya kubonyeza kitufe, kwa sababu ukigeuza mpangilio umeifanya ajali ya pili kwa mikono yako. Diski inayopokea isiwe FAT32, ambayo haibebi faili inayofika GB 4. Kwa mwendo wa MB 100 kwa sekunde, TB 1 inachukua kama saa 2 na dakika 47. Kama diski ina sekta mbovu, ile ramani inakuruhusu kukatisha na kuendelea ulipoachia. Wapo watakaosema hatua hii inapoteza muda. Lakini ndiyo pekee inayokuruhusu kujaribu mbinu sita na kukosea tano.

Nakala ikikamilika, iondoe diski ya asili, andika tarehe juu yake, iweke pembeni. Kazi yote sasa ni juu ya nakala.

Kama kilichoharibika ni jedwali tu, tumia TestDisk, programu ya kutafuta patisheni zilizopotea: endesha `testdisk diski.img`, chagua aina ya jedwali lililokuwepo, kisha uchambuzi na utafutaji wa haraka. Patisheni ikitokea, bonyeza P uorodheshe faili zake. Ukiyaona majina na folda, zinakili papo hapo kwenda diski nyingine kwa herufi C. Wengi hukimbilia chaguo la kuandika jedwali. Sioni haja ya kulikimbilia, faili zikishakuwa nje salama jedwali litengenezwe kwa raha. Programu ya gdisk inaweza kulijenga jedwali la GPT kutoka nakala ya mwisho wa diski, lakini kisakinishi kwa kawaida huandika nakala zote mbili. Njia hiyo inafaa pale mtu aliponakili kwa dd faili ya ISO, yaani faili ya kisakinishi, kwenye diski badala ya flashi. ISO ya GB 6 imefuta mwanzo wa diski, imefika hata kwenye MFT ya C pale kwenye GB 3, lakini mwisho wa diski haijaugusa. Hapo C ina hali mbaya na D inatoka nzima.

Kama NTFS imefomatiwa na kuandikwa juu yake, TestDisk mara nyingi itakuonyesha mfumo mpya tu. Unahitaji programu inayopekua nakala nzima ikitafuta rekodi za FILE popote zilipo na kuunganisha mti wa folda upya. R-Studio, DMDE na RecuperaBit hufanya hivyo. Matokeo huja kama mifumo kadhaa inayopishana, mmoja mpya na mmoja au zaidi ya zamani. Upe kipaumbele ule ambao tarehe na ukubwa wa patisheni vinalingana na unachokijua.

Mwisho wa njia ni PhotoRec. Haijali daftari. Inatafuta mianzo ya faili: FF D8 FF kwa JPEG, %PDF kwa PDF, PK kwa nyaraka za docx na xlsx ambazo kwa ndani ni ZIP. Majina yanapotea, folda zinapotea, unapata recup_dir.1 iliyojaa vitu kama f0123456.jpg, ambapo namba ni sekta ilikoanzia. Ichague ipekue nafasi tupu tu pale inapowezekana, la sivyo utaletewa maelfu ya ikoni na picha za Windows mpya na utazichambua mpaka uchoke. Picha zinaweza kupangwa upya kwa tarehe iliyomo ndani ya EXIF, maelezo ambayo kamera huyaandika ndani ya picha. Faili kubwa zilizotawanyika, kama video ndefu, hifadhidata, sanduku la barua la Outlook na diski za mashine pepe, hutoka vipande au hazitoki, kwa sababu PhotoRec inajua zilikoanzia na haijui zilikorukia.

Njiani mtakutana na vishawishi. Windows ikikuambia diski inahitaji kufomatiwa kabla ya kutumika, kataa. Ikikuomba uianzishe diski, kataa. Usiendeshe chkdsk wala fsck: kazi yake ni kuufanya mfumo wa faili ukubaliane na daftari lake, na daftari ulilonalo ni lile jipya jeupe. Wala usisakinishe tena mfumo wa zamani ukidhani utazirudisha faili zake. Huo ni mkono uleule kupita mara ya tano.

Kwa atakayesakinisha kesho, nitasema machache. Zima kompyuta, ng'oa nyaya za diski zote isipokuwa ile inayopokea mfumo. Hakuna onyo la skrini linaloshinda waya uliong'olewa. Zipe patisheni majina. Hifadhi jedwali nje ya diski kwa `sgdisk --backup=jedwali.gpt /dev/sda`, na kichwa cha LUKS kwa `cryptsetup luksHeaderBackup`. Nakala iliyo D ya diski ileile haihesabiki. Folda iliyolandanishwa na wingu ihesabiwe kwa tahadhari: faili nyingine huenda hazijapanda, na ulichofuta huku kinafutwa na kule. Fungua nakala hiyo kwenye kompyuta nyingine na usome faili tatu nne kabla ya kugusa kisakinishi.

Na kwa atakayeokoa leo: kuona jina la faili na ukubwa wake kwenye orodha hakutoshi. Rekodi ya MFT inaweza kuwa nzima huku klasta inazozielekeza zimejaa Windows mpya, nawe ukapata tasnifu.docx ya ukubwa sahihi isiyofunguka. Fungua faili za kila aina, kuanzia zile mwenyewe anazozililia. Nyaraka za docx na xlsx zipime kwa wingi kwa `unzip -t`, itakuambia zipi zimekatika. Tazama video hadi dakika ya mwisho. Mpaka mwenye data aseme kwa kinywa chake kwamba alichokitafuta amekiona, diski ya asili ibaki kabatini na tarehe yake, haijaandikwa kitu.